Sauti ya Pili ya Shangazi

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Mbinga yalipoanza kujaa vitu, kwaya yetu ya huku ziwani ilipata kinanda cha betri. Kiliteremka mlimani juu ya magunia ya mahindi, kimeviringishwa kwenye blanketi. Asubuhi nilifundisha hesabu shuleni, jioni nikafundisha kwaya, na watu waliniuliza ipi hasa ndiyo kazi yangu. Nilijibu kwamba yote ni kazi moja. Majivuno nilikuwa nayo, tena mengi kuliko elimu.

Shangazi yangu aliongoza sauti ya pili. Yeye ndiye aliyenifundisha kuimba, tukipalilia muhogo. Tulipovuta mwisho wa wimbo, alishika ile noti ya mi iliyo kati ya do na so, na kwaya nzima ikamwegemea. Kinanda kilipoingia, mi yake ikaonekana iko chini kidogo.

Mwingine angemnong'oneza pembeni. Mimi nikatoa mtihani. Kila mwimbaji alisimama peke yake mbele ya kinanda, akaimba mi mara kumi, nami nikaandika pata au kosa kwenye daftari. Shangazi alikosa tisa. Nikasoma matokeo mbele ya wote, wa kwanza hadi wa mwisho, kama tulivyozoea shuleni, kisha nikamwambia apumzike mpaka sauti yake inyooke.

"Haya, mwalimu," alisema. Hadi siku hiyo alikuwa akiniita mwanangu.

Miaka ikapita. Niliacha chaki, nikaingia kwenye ufundi wa kurekebisha sauti za piano. Ni kazi ya sikio na hesabu: unapiga nyuzi mbili pamoja, unahesabu zinavyotetemeka kwa sekunde, unakaza au unalegeza. Fundi aliyenipokea alinionyesha mapema kwamba mi safi ni hesabu nyepesi, tano kwa nne: mi itetemeke mara tano kila do inapotetemeka mara nne. Lakini ukiipa piano mi safi mahali pamoja, noti za mahali pengine zitaharibika. Kwa hiyo kila mi hupandishwa kidogo kwa makusudi, ili wimbo uweze kuanzia popote. Vinanda vya betri navyo hutengenezwa hivyo hivyo.

Nilipiga hesabu ile mara tatu nikiomba niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea. Mi safi iko chini ya mi ya kinanda, pale pale alipokuwa akiiweka shangazi. Niliona aibu hata nikashindwa kuendelea na kazi siku hiyo.

Desemba nikashuka ziwani. Nilimkuta akianika usipa, dagaa wetu wa Nyasa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Nikamweleza yote, hadi ile tano kwa nne. "Ulikuwa sahihi," nikasema. "Kinanda ndicho kilichopindishwa. Nisamehe."

"Nilijua," akasema. "Kwani masikio sikuwa nayo? Lakini nilitaka kuimba na wenzangu. Kila baada ya ibada nilikaa karibu na kile kinanda, naipandisha mi yangu, naipandisha, hadi ikakubali. Mwaka wa pili baada ya wewe kuondoka, wakanirudisha kwayani."

Nikamwomba aniimbie ile mi yake ya zamani. Nikamshikia do. Akaimba, na ikatoka mi ya kinanda, bila kosa. Akajaribu kuishusha, ikazidi kwenda chini. Akajaribu tena, akasikiliza kidogo.

"Haipo," akasema, akaendelea kugeuza usipa.