Wavu wa Baba Kwenye Bwawa la Bibi

Sisi wa Makoko, pale Musoma, tumelelewa na ziwa, kwa hiyo Baba aliposema tunaenda Butiama, kijijini kwa mama yake mama, kujaribu wavu wake bwawani, nilicheka kimoyomoyo. Mabwawa niliyokuwaga nayajua ni ya kunyweshea ng'ombe. Nilipopanda juu ya tuta nikasimama kutazama. Wameziba mto mzima. Bonde lote ni maji mpaka vilima vinapokutana, na miti iliyokufa imesimama katikati, imejaa ndege. Watu wametengeneza hili kwa mikono, nikawaza, nikaona fahari kama vile na mimi nilibeba udongo.

Baba aliazima mtumbwi, akatega palipotulia, kama anavyofanyaga ziwani. Alipoanza kuvuta, wavu ukagoma. Ulikuwa wavu wake wa pekee. Ndio chakula chetu, ndio shule yangu. Akavuta tena, nyuzi zikakatika.

Bibi alikuwa amekaa na mimi ukingoni, amejifunika kitenge, anamtazama Baba kwa pembeni. Huku mama mkwe na mkwe wake hawaongei ovyo.

"Mwambie asivute," akaninong'oneza. "Ule mti mkavu karibu naye ulikuwa wa nyumbani kwetu, kabla ya bwawa. Amenasa kwenye ukuta wa zizi, mawe matupu yale."

"Bibi, mwambie wewe."

"Nimpigie mkwe kelele? Unataka nihame kijiji?"

Mimi darasani hata nikijua jibu sinyooshi mkono. Na pale kulikuwa na vijana wanachunga, wameshaanza. "Fundi wa Musoma leo anavua mawe," mmoja akasema, wenzake wakacheka. Nikasimama.

"Baba, acha kuvuta!"

Bibi akawa ananong'ona, mimi napaza: azunguke upande wa kilimani, mlango wa zizi uko huko, ainue polepole. Maji yalikuwa yameifunika ile nyumba yake tangu mimi sijazaliwa, lakini alielekeza kama anayetuma mtoto jikoni. Baba alizunguka, akainua, wavu ukaachia. Kona moja imechanika, inashoneka. Ndani sato watatu, wanene kweli.

Akaleta mtumbwi mpaka karibu yetu, macho ameyaelekeza kwenye kasia.

"Mwambie mama, nashukuru."

Bibi alisikia vizuri kabisa. Akasubiri nimwambie, ndipo akatabasamu.