Vumbi Halifunguzi

Nyumba yetu ya Ghubra, hapa Maskati, ilinuka jiwe lililorowa. Wenzangu wakikumbuka utoto huzungumzia mkate wa kumimina au udi wa Ijumaa, na hayo kwetu yalikuwepo pia, lakini mimi nikifumba macho kinachonijia kwanza ni harufu ya matope ya mawe, nzito, ya baridi, imechanganyika na dizeli, iliyoingia mlangoni pamoja na Baba. Alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe milimani, nyuma ya Azaiba, akishika msumeno mkubwa wa kukatia mawe yanayobandikwa kwenye kuta za majumba. Msumeno ule ulikuwa na mpira wa maji uliolimwagia jiwe tangu unapoanza kukata mpaka unapomaliza, na vumbi lote likageuka uji wa kijivu uliomrukia Baba kifuani, usoni na kwenye ndevu. Mama humsimamisha uani avue nguo hapo hapo, huku akinung'unika kwamba yeye aliposwa na mfanyakazi akaja kuolewa na mfinyanzi. Baba hucheka. Wakati huo kifua chake kilikuwa kizima, na akicheka majirani walimsikia.

Baba alikuwa na wasiwasi wa ibada, maradhi ambayo watu wa kwetu huona haya kuyaita maradhi. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati akiwa kijana, na nadhani wasiwasi huo alikuja nao sandukuni. Akitia udhu anafika mlangoni, anasita, anarudi kutia tena, mpaka Mama anapiga kelele kwamba tangi litakauka. Ramadhani moja nilipokuwa mdogo sana aliingiwa na shaka kwamba matone ya msumeno yanampita kooni. Hakuna aliyeweza kumtoa shaka hiyo. Baada ya sikukuu alizilipa siku zote alizozitilia mashaka, jua linawaka, sisi tunakula biriani mbele yake na yeye midomo imempasuka. Mama alilia siku ile, na mimi nikalia kwa kuwa Mama analia.

Ramadhani ninayotaka kuisimulia ilikuja miaka michache baadaye, ikaangukia katikati ya joto. Mwezi ulikuwa haujaandama bado Baba alipokaa sebuleni na Ami Khalfan, mwenzake wa kwenye msumeno, ambaye tulimwita ami ingawa hatukuwa na damu moja. Walimpigia simu sheikh, simu wameiweka juu ya meza ili wote wawili wasikie, nami nilikuwa nimetumwa na birika la kahawa. Ami Khalfan ndiye aliyeuliza. Sheikh akawajibu taratibu kwamba vumbi la kazi, ambalo mtu hana namna ya kulikwepa, halifunguzi, yaani halivunji saumu. Maji yakipita kooni, akasema, hayo ni mambo mengine. Niliuona uso wa Baba ukifunguka. "Alhamdulillahi," akasema, "basi khalas, maji tutayazima mwezi mzima." Sheikh simlaumu. Aliulizwa habari ya saumu akajibu habari ya saumu. Habari ya kifua hakuna aliyemuuliza. Mama peke yake, aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni, alitoa kichwa na kuuliza, "Na hilo vumbi lenyewe litakwenda wapi?"

"Litakwenda na upepo, mama watoto," Baba akamjibu.

Basi harufu ikabadilika. Ile ya jiwe lililorowa ikatoweka, ikaja nyingine kavu, ya kuungua, kama mawe mawili yaliyogonganishwa. Baba alirudi mchana akiwa mweupe pepepe, mweupe nyusi, mweupe masikio, na kaka yangu mdogo akamkimbilia akimwita Babu, tukacheka wote. Mama akazikung'uta nguo darini, juu ya paa, na kwa vile hewa ilikuwa imesimama lile wingu halikwenda popote, lilibaki pale pale juu ya kichwa chake, kisha likashuka polepole juu ya nguo zetu zilizoanikwa. Mimi nililiona zuri. Nilinyoosha mkono ndani yake nikatazama unga ule unavyotua kwenye ngozi, laini kuliko wa ngano.

Magharibi ikiadhiniwa Baba alifungua kwa tende na kikohozi. Kilikuwa kidogo, cha kusafisha koo tu, na kila mmoja alisema ni kiu. Ami Khalfan, aliyekuwa hana familia Maskati na akifuturu kwetu, alituchekesha kwa kutusimulia jinsi msimamizi wao anavyopita na gari akawagombeza, wakafungua maji, na gari likigeuka tu wakayazima. Walijiona wajanja, masikini. Kwenye tarawehe sasa vilisikika vikohozi viwili safu ya mbele, kimoja kikianza kingine kinaitikia, na Mama aliyekuwa upande wa wanawake aliacha kusikiliza kisomo akawa anasikiliza vikohozi vile.

Sikukuu ilipopita nilitegemea kuona matope tena. Hayakuja. Walikuwa wamegundua kwamba bila maji mstari wa kukatia unaonekana vizuri, kazi inakwenda mbio, na mtu harudi nyumbani amerowa. Mpira ukaachwa umekunjwa ukutani. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, maana mwezi mmoja pengine mapafu yao yangeustahimili, lakini mwezi ukawa miaka. Ami Khalfan ndiye aliyeanza kuugua. Akija kwetu alikaa kwenye ngazi ya kwanza akajifanya anafunga kiatu, mpaka pumzi imrudie. Daktari alimwonyesha picha ya kifua chake, akamweleza kwamba vumbi la mawe limeyafanya mapafu makovu matupu na hakuna dawa ya kuyarudisha. Alikufa akiwa amekaa, kwa sababu kulala alikuwa hawezi tena. Kaka yangu aliyehudhuria maziko aliniambia kwamba walipoanza kufukia, Baba alirudi nyuma akaziba pua kwa mkono wa kanzu.

Siku hizi naambiwa misumeno mingine haikati kabisa kama maji hayapo, na wafanyakazi, ambao wengi wao ni wageni kutoka mbali, wanapewa barakoa. Huenda ni kweli. Ila nikipita barabara kuu na gari, bado naona wingu jeupe limekaa juu ya mlima mchana kutwa, na chini ya wingu lile wapo watu. Rafiki zangu wakinipeleka Bustan ufukweni kutembea husifu kuta za mawe zilizochongwa vizuri, na mimi naitikia tu, sitaki kuwaharibia siku. Sisi tulipata maisha mazuri kwa mawe yale: tulisoma, tuna ofisi na magari. Hilo nalijua, na halinipunguzii hasira hata kidogo.

Baba yu hai, anaishi nami. Mpira wa mashine ya hewa haumtoki puani, na madaktari wamemkataza kufunga maisha yake yote. Tunamtolea fidia, tunawalisha maskini kama sheria inavyotaka, lakini yeye haimtulizi. Ramadhani iliyopita nilimpelekea chakula chumbani adhuhuri. Mwanangu, aliyekuwa anajaribu kufunga kwa mara ya kwanza, alikuwa anacheza ukumbini na midomo yake mikavu, anajivuna. Baba alikitazama kijiko muda mrefu.

"Zamani nikichunga tone moja la maji," akasema, akapumzika, akavuta hewa. "Sasa mwezi mzima unanipita, na mie nala mchana. Funga mlango, mwanangu, mtoto asinione."

Nikaurudisha mlango, nikabaki nje nimeegemea ukuta mpaka kikohozi kilipotulia.