Makarara ya Mtende Dume

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo huwa naikumbuka kila baridi inapoanza kuaga, nikaona haya peke yangu hapa nilipokaa.

Miaka ile ya sitini tulikuwa tumetoka Unguja, mama yangu na mimi, tukapokelewa Hail, kijiji cha mitende ng'ambo ya bahari, na shangazi Zuweina, dada wa marehemu baba. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kichwa kigumu. Shangazi alikuwa na kibustani nyuma ya nyumba: mitende majike mitano, mindimu miwili, vitunguu, na majani ya mbuzi. Baridi ilipopungua mindimu ilichanua, nyuki wakaja, na kwa mara ya kwanza tangu tufike roho yangu ikatulia. Nikataka na mimi nifanye jambo, nisiwe mgeni wa kulishwa tu.

Pembeni kulikuwa na mtende wa sita, mfupi, niliosikia kuwa hauzai. Kileleni makarara yake, yale maganda yanayofunika maua, yalikuwa yamesimama, mengine yakianza kupasuka. Mimi ni mtoto wa shamba la minazi. Kwetu mnazi husafishwa kileleni, makarara yakateremshwa kuwa kuni. Basi nikachukua mundu, nikapanda juu ya pipa, nikayakata yote. Kwa kuwa yalikuwa mabichi nikawatupia mbuzi. Kuuliza? Nilikuwa nimeshachoka kuwa yule wa Unguja asiyejua kitu!

Siku ya pili asubuhi akaja mzee Khamis, aliyekuwa akitunza mitende ya shangazi na ya mabustani mengine mawili matatu. Alikuja na kamba yake ya kupandia, maana majike yalikuwa karibu kufunguka, na kila ua la jike hutiwa kwa mkono vijiti vya maua ya dume, la sivyo tende hazishiki. Na tende zile ndizo zilizokuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Hayo yote niliyajua pale pale, nimesimama na dele la kahawa mkononi.

Shangazi akautazama mtende dume, mtupu.

"Khamis, umeshawapelekea maua yetu wenye mabustani makubwa, au vipi?"

"Wallahi, bibi, sijaugusa."

"Nani basi? Hapa hapandi mtu mitende ila wewe."

Mzee alikunja kamba yake taratibu, na shangazi akamwambia asirudi tena. Nami nikajitia hamnazo, nikaendelea kumimina kahawa.

Siku tatu, mwanangu! Chakula hakishuki, mama ananishika kipaji cha uso kutazama kama nina homa. Kila asubuhi ua jingine linafunguka juu ya mitende, jeupe, zuri kweli, nami siwezi hata kulitazama. Siku ya nne nikamfuata shangazi kwenye vitunguu, nikamwambia kila kitu huku nalia.

Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alizidi kung'oa magugu, akasema:

"Ungenambia siku ile ile, tungevikusanya vijiti vilobaki, tukavianika kivulini, vingefaa. Kukata, hukujua; khalas, nshakusamehe. Lakini Khamis je? Miaka ishirini anaingia humu, juzi nimemwita mwizi mbele yako, na wewe unamtilia kahawa!"

"Nisamehe, shangazi."

"Kwangu umeshamaliza. Vaa buibui twende kwake. Na mie nna radhi yangu ya kumwomba."

Tulikwenda kwa miguu. Mlangoni nilikiri mwenyewe, na shangazi akasema yake. Mzee Khamis alitusikiliza, akaingia ndani, akatoka na fungu la vijiti vilivyokauka vizuri, limefungwa kwa ukuti.

"Hivi nilipewa kwenye mabustani mengine, nikakuwekeeni tangu juzi," alisema. "Nilikuwa naona haya kuja."

Mwanangu, laiti angenitukana. Jioni ile ile alipanda. Mitende miwili iliyochelewa kufunguka ilizaa. Mitatu ilitoa vitende vidogo visivyo kokwa wala utamu, na mbuzi wakafaidi ujinga wangu mara ya pili. Mwaka ule tulikula tende kwa kuhesabu, na hakuna aliyenisimanga.

Ndiyo nikwambie: ukiwa mgeni wa mahali au wa kazi, uliza, hata wakikucheka. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, na ukiona mwingine anabeba lawama yako, usingoje hata kahawa ipoe. Kosa langu la mundu nimeshajisamehe. Ninalojutia mpaka leo ni zile siku tatu ambazo mzee wa watu alilala akijua anaitwa mwizi, na bado akatuwekea fungu letu.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, mwanangu. Na siku utakayodhulumiwa wewe, akujaalie moyo kama wa mzee yule. Amin.