Mti Wenye Magoti

Juzi sokoni Bweremana, muuzaji mmoja alifungua chikwange, ule mkate wa muhogo unaofungwa kwa majani, mbele yangu, na harufu ya jani lililochemshwa, nzito, yenye utamu wa matope, ikanirudisha Buleusa.

Nilikuwa mtoto wa vilima vya Kibabi. Mama yangu alikuwa amefariki, na baba akaoa mwanamke wa Walikale. Majirani walimwita Mama Feza. Mimi sikumwita kitu. Nikitaka chumvi, nilikohoa.

Tulipokwenda kusalimia kwao Buleusa, alinipeleka kinamasini kuchuma majani ya kufungia chikwange. Akanionyesha mti. Majani yake yalikaa mawili mawili yakitazamana, mapana kuliko kifua changu. Katikati yao, vipande viwili vyororo vilifumbatana kama viganja, vikificha chipukizi. Maua yalikuwa meupe, ya mviringo kama vidonge vya pamba. Chini, mizizi ilichomoza matopeni na kujikunja kama magoti.

"Usidanganywe na ukubwa wa jani," alisema. "Ule wa kule iko na majani makubwa zaidi, lakini haiko na hivi viganja, na iko na miiba ku mwili. Jani yake iko uchungu. Na hapa ku magoti tu njo tunakanyaga. Umesikia, mutoto ya mulima?"

Nilisikia. Lakini nilitaka ajue kwamba sihitaji mwalimu. Kwetu ardhi ni ardhi, unakanyaga popote. Nikaufuata ule wa majani makubwa zaidi. Chini yake hapakuwa na goti hata moja. Matope yakanimeza hadi kiunoni, na kila nilipopiga teke nilizidi kuzama.

"Mama!" nililia.

Alitandika matawi, akaja akitambaa kwa tumbo, kitenge chake cha safari kikiloa matope, akanivuta kwa makwapa.

Nilipopata pumzi niliona haya, kisha hasira. "Nilikuwa naita mama yangu. Ule mwenye alikufa."

Alinipangusa matope masikioni, polepole.

"Najua," alisema. "Lakini yeye iko mbali. Njo maana nimekuja."

Leo najua kwamba hakuwahi kugombania nafasi ya marehemu. Nililinda mlango ambao hakuna aliyetaka kuuvunja, na miaka mizuri ikapita nikiwa nimesimama pale. Nilimwita Mama nikiwa tayari nina watoto wangu. Aliitika tu, akaendelea kuchambua maharagwe, kana kwamba nilikuwa nikimwita hivyo kila siku.