Nilimwambia baba mkwe napenda "muziki wa mwamba", akaelewa nimeokoka

Wakuu, heshima kwenu nyote, pamoja na ninyi mnaosoma kimyakimya bila kujiunga. Nawaona.

Ninachosimulia ni kweli tupu. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi ya hii.

Turudi enzi za ruksa. Milango ya biashara imefunguliwa, Kariakoo imejaa redio kaseti za Dubai, na kila mwenye shati la mtumba la Mchikichini anajiona mzungu. Mimi nikiwa mmoja wao. Nilikuwa karani kwenye ofisi moja pale Posta, na nilikuwa shabiki wa bendi moja ya rock ya Australia.

Vijana, niwaeleze taratibu, maana ninyi mmezaliwa muziki uko mfukoni.

Hawa jamaa walikuwa wakongwe hata wakati ule. Magitaa mawili, besi, ngoma, na mwimbaji mwenye sauti ya mtu aliyebanwa vidole na mlango wa gari. Waliowaponda walisema wametoa wimbo mmoja miaka yote, wanabadilisha jina tu. Sisi mashabiki uongo huo ulituuma sana. Nyimbo zilikuwa mbili.

Mashabiki wenyewe, kwa nilivyojua, Dar nzima tulikuwa wanne. Tulikutana kila Jumamosi mchana Kisutu, kwa rafiki yangu Kirit, Mhindi ambaye binamu yake alimletea kanda kutoka nje. Mmoja wetu, nina hakika, alifuata kachori za mama yake Kirit. Tulimhesabu hivyo hivyo. Harakati inahitaji watu.

Sasa, nilikuwa na mchumba, Aikande, Mchaga wa Ilala. Baba yake, Mzee Kimaro, alikuwa na duka la jumla la redio na pasi Kariakoo, tena ni mzee wa kanisa. Kabla sijaenda kujitambulisha, Aikande alinipa onyo moja.

"Baba hapendi vijana wa kuchomekea Kiingereza. Ukisema 'actually' tu, umekwisha."

Nikaenda dukani na Kiswahili sanifu, kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa hapo juu ya boksi, usilibonyeze. Ukitoka kazini unafanya nini, mbali na kumzungusha binti yangu?"

"Nasikiliza muziki, baba."

"Muziki gani? Huu wa kukata viuno?"

Hapo, wakuu, nikaanza kutafuta neno. Rock ni nini kwa Kiswahili? Jiwe? Hapana, jiwe ni dogo.

"Muziki wa mwamba, baba."

Kalamu aliyokuwa akiandikia hesabu ikasimama.

Kwa wasio wa kanisani: kule mwamba ni neno zito. Mwamba ni Bwana mwenyewe. Mwamba ndipo mwenye akili anapojenga nyumba. Si neno la kumtupia mzee wa kanisa kama ganda la ndizi.

"Mwamba?"

"Ndiyo baba. Wa Australia."

"Wamisionari?"

"Wanazunguka dunia nzima, baba."

"Wako wangapi?"

"Watano."

"Na wameimba pamoja muda gani?"

"Miaka mingi sana. Wamebadilisha mpiga besi tu."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Kwaya yetu imegawanyika mara tatu. Mara ya mwisho waligombea rangi ya sare."

Angalieni majibu yangu. Hakuna hata moja la uongo. Huo ndio ustadi wa mtu mwoga.

Mzee akanipa mkono. "Jumapili baada ya ibada wazee wenzangu watakula kwangu. Lete hiyo kanda tubarikiwe. Wakiridhika na wewe, mtume mshenga wako."

Yaani ndoa yangu ikawekwa juu ya kanda moja. Nikakimbilia Kisutu.

"Kirit, nataka wimbo wao wa taratibu."

"Bwana, hawana. Si ndiyo maana tunawapenda?"

Tukasikiliza kanda nzima, pande zote mbili, tukiwa na nyuso za watu waliofiwa. Mwishowe Kirit akapata wimbo unaoanza na gitaa moja tu, pole pole, kama sekunde arobaini.

"Mzee akisema amina, zima," akanishauri. "Sema betri zimekwisha."

Mpango safi kabisa. Nikatafuta betri zilizochoka, zile ambazo watu huzianika juani zipate uhai wa dakika tano. Mimi nikazinyima jua. Kirit akaniazima na suti.

Jumapili nikafika Ilala na kiredio changu kinachokata roho. Mzee Kimaro akakitazama kwa huruma.

"Kijana, kanda ya Bwana haichezwi kwenye kitu hicho."

Akafunua kitambaa cha kufuma. Chini yake kulikuwa na mashine mpya kutoka Dubai, imechomekwa ukutani, spika mbili kila moja inanifika kiunoni.

Jamani, mtu anauza redio! Mimi nilitegemea nini?

Gitaa likaanza. Wazee sita wakafumba macho. Mmoja akanong'ona, "Asante Yesu." Nikanyoosha mkono nizime.

"Usiguse," akasema Mzee Kimaro.

Ngoma zikaingia. Glasi za kabatini zikaanza kugongana. Kisha yule wa kubanwa vidole akafungua kinywa, na mimi nikaangalia mlango uko wapi.

Mama mmoja, mzee wa kanisa, akainuka kitini na kunyoosha kidole juu.

"Anakemea! Sikilizeni anavyomkemea Shetani!"

Wengine wakaitikia. Mmoja akaniomba kanda kwa ajili ya kwaya ya vijana. Nikaona kabisa kwamba nimeokoka, kwa maana zote mbili.

Ndipo Mzee Kimaro akapunguza sauti. "Wewe Kiingereza unakijua. Tutafsirie anasema nini."

Aikande alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la machalari, zile ndizi za nyama za Kichaga. Aliniangalia, hakunisaidia.

Ningeweza kusema lolote, wakuu. Lolote! Lakini nikaona nitatafsiri uongo huo kila Jumapili maisha yangu yote, mbele ya mke anayejua ukweli.

"Baba, anasema gari lake linakwenda kasi, breki zimekufa, na nyumbani harudi."

Mzee akanikazia macho.

"Na kiitikio?"

"Hivyo hivyo, baba. Mara nane."

Yule mama akakaa.

"Kwa hiyo si kwaya," akasema Mzee Kimaro.

"Si kwaya. Mwamba ni jina la mtindo tu."

"Na siku ile dukani, ulijua kuwa nimeelewa vingine?"

"Nilijua, baba."

"Basi mshenga asije."

Chakula nilipewa, maana hawamfukuzi mtu na njaa. Ila hakuna aliyenisogezea chumvi.

Jumatatu nilipotoka kazini nikaenda Kariakoo mwenyewe, bila kuitwa. Aikande hakujua. Nilimkuta Mzee akifungua maboksi.

"Baba, nimekuja kumalizia. Mimi si afisa kama ulivyoambiwa. Ni karani, tena wa muda."

"Hilo najua. Nilimtuma mtu akaulize. Lingine?"

"Suti ya jana ilikuwa ya rafiki yangu."

"Mikono ilikuishia kwenye viwiko. Lingine?"

Nikafikiri sana.

"Namwogopa mbwa wako, baba. Kila nikija kwako huwa nasimama nyuma ya uzio mpaka Aikande atoke."

Mzee alicheka mpaka akashika kaunta, wateja wakageuka.

"Mwambie mshenga aje Jumamosi. Mbwa nitamfunga."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: neno likieleweka vibaya kwa faida yako, una dakika moja ya kulirekebisha bure. Ukiipoteza, utalirekebisha mbele ya halaiki.

Wadogo zangu mnaokwenda ukweni, msiogope. Ukweli hauui, unaaibisha tu, na aibu huwa inapita. Mimi yangu imechukua miaka michache hivi.

Nani mwingine humu tafsiri ilimponza? Leteni visa, nitavisoma vyote. Na ninyi mtakaosema hii ni chai, kwamba nimetunga, karibuni sana, ila kwanza niambieni: rock ningeiitaje?