Tanga Lililoanikiwa Mahindi

Tanga la boti yangu nililipata kijijini Ndalu, likiwa limeanikiwa mahindi ya mtu. Nikisema hivyo watu hudhani ninatania, kwa hiyo afadhali nieleze tangu mwanzo.

Mimi ni karani wa shule ya sekondari hapa Kitale, na ninaishi Matisi. Mwaka ambao mtoto wangu wa mwisho alipata kazi mbali na nyumbani, Jumamosi zilianza kunishinda. Nilikuwa nikifua, nikimaliza kufua napiga deki, nikimaliza deki naangalia saa, kumbe hata saa nne haijafika.

Wakati huohuo mzee mmoja Singasinga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako shule yetu ilinunua rangi na misumari, alikuwa anafunga biashara ahamie kwa binti yake. Nilipokwenda kuchukua risiti za mwisho niliona nyuma ya ghala boti ndogo, urefu wake kama vitanda viwili, imelala kifudifudi juu ya matairi. Nikamwuliza ni ya nani.

"Yangu," alisema. "Zamani nilikuwa naendesha kwa bwawa, kabla magoti haijakataa. Unajua boti, madam?"

Nilimwambia sijui, ila nilikulia kijiji kiitwacho Kwanza, karibu na bwawa la shamba kubwa, na siku moja nikiwa mtoto niliona boti ya tanga ikielekea kule upepo ulikotoka. Jambo hilo lilinisumbua. Karatasi huenda upepo unakoenda, na nguo kwenye kamba vilevile. Boti ile ilienda kinyume. Nilimwuliza mwalimu, akasema bila shaka ilikuwa na injini. Nilijua haikuwa na injini, lakini mwalimu habishiwi.

Mzee alicheka polepole. "Haikuwa na injini," alisema. "Chukua hii. Lakini tanga kubwa panya wamekula."

Kweli walikuwa wamelila. Tanga dogo la mbele lilikuwa zima, mlingoti ulikuwa mzima, lakini lile tanga kuu, linalofanya kazi yenyewe, lilibaki matambara yanayonuka mkojo wa panya. Sikujali. Niliomba ruhusa kwa mwenye bwawa moja nje kidogo ya mji, naye akakubali mradi nisiwashtue ng'ombe wake wanapokunywa maji. Nikanunua majaketi mawili ya kuelea, nikakata turubai la kawaida kwa umbo la pembetatu, nikalifunga kwenye mlingoti, nikaingia majini.

Boti ilikwenda vizuri sana. Ilikwenda moja kwa moja hadi ng'ambo, ikaingia kwenye matete, ikakataa kurudi. Kila nilipoigeuza, turubai lilipigapiga tu. Nilishuka nikaivuta kwa kamba, nikitembea kwenye tope kuzunguka bwawa zima, na ng'ombe wakinitazama. Jumamosi iliyofuata mambo yakawa yaleyale, na ya tatu pia.

Video za kwenye simu ndizo zilizonifungua macho. Tanga halisi si bapa. Hukatwa vipande vipande na kushonwa kwa mviringo ili likishika upepo lifanye tumbo, kama kijiko. Turubai langu lilikuwa bapa kama meza. Nikaanza kutafuta tanga la kununua. Wauzaji wa ng'ambo walinitajia bei nikazima simu. Halafu siku moja nikaona tangazo la fundi wa Bungoma anayeuza maturubai makuukuu, na katikati ya picha zake kulikuwa na kitambaa cheupe cha pembetatu chenye namba iliyoshonewa juu. Nikampigia.

"Hiyo hata mimi sielewi," alisema. "Nilinunua pamoja na hema kwa stoo fulani iliyofungwa. Sijui hiyo namba ni ya nini."

Mimi nilijua. Matanga huwekwa namba. Nikamwomba aniwekee hadi Jumamosi.

Jumamosi nilifika Bungoma nikiwa na kamba ya katani niliyoipiga mafundo mawili, fundo moja kwa urefu wa mlingoti na jingine kwa urefu wa ule mti wa chini unaonyoosha tanga. Fundi alikuwa na kibanda karibu na msikiti, anashona maturubai ya malori. Aliponiona alivua kofia, nikajua kuna jambo.

"Pole, mama. Mke wangu ameuza jana. Nilisahau kumwambia nimekuwekea. Kosa ni langu, si lake."

Nilikaa kwenye benchi lake. Yeye hakukaa. Alitafuta namba ya mnunuzi kwenye kijitabu, akampigia, akazungumza naye Kibukusu kwa muda, kisha akanigeukia.

"Ni mama mmoja kutoka Ndalu, anaanikia mahindi. Hajakubali, hajakataa. Ngoja." Akaingia ndani akatoka na turubai jipya, kubwa. "Mpelekee hii mubadilishane. Akikataa, nirudishie na pesa yako utapata."

Nikalilipia, nikaenda. Mama wa Ndalu nilimkuta uani kwake, mwanamke wa rika langu, mrefu, amejifunga leso kiunoni, anageuza mahindi kwa kuburuta miguu ndani yake na kuacha mifereji. Chini ya mahindi niliiona ile namba.

"Fundi amenipigia," alisema baada ya salamu. "Ati wewe ndiyo unataka turubai yangu."

"Ni mimi, mama. Nimekuletea nyingine mpya, na ni kubwa kuliko hiyo."

Aliishika ncha ya lile turubai jipya, akalisugua kwa vidole. "Hii yangu imekatwa vibaya, lakini haishiki maji. Mahindi inakauka haraka. Kwani wewe unataka kuanika nini?"

"Sianiki. Hilo ni tanga la boti."

Akaacha kugeuza. "Boti iko wapi?"

"Kitale."

"Kitale hakuna ziwa."

"Kuna bwawa."

"Na hiyo boti inaenda wapi?"

Lilikuwa swali la haki. "Inaenda ng'ambo, halafu inarudi," nilisema. "Kwa sasa haijui kurudi. Ndiyo maana nataka hilo tanga."

Akasema nipime kama nataka, kupima hakuibi kitu. Nilipiga magoti, tukasukuma mahindi kando pamoja, nikanyoosha kamba yangu. Upande mrefu ulifika kwenye fundo sawasawa. Upande wa chini ulipungua shibiri moja tu. Nikakunja kamba.

"Limetosha?" aliuliza.

"Limetosha."

"Basi rudi wiki ijayo. Siwezi kumwaga mahindi chini kwa sababu ya boti, na hii mpya bado siijui."

Nilikubali. Nilikuwa ninamwaga mahindi yaliyoingia viatuni mwangu nilipohisi tone shingoni. Mvua ya wakati wa mavuno ndivyo ilivyo, haibishi hodi. Tukakimbia wote wawili. Tulikusanya mahindi katikati kwa mikono, tukayafunika kwa pembe za tanga, kisha nikalifungua turubai jipya tukalitandaza juu na kulikandamiza kwa mawe. Tukasimama chini ya paa la jikoni, sketi yangu imelowa hadi magotini. Alinipa kikombe cha chai, akaniuliza nina watoto wangapi na wako wapi. Wake pia walikuwa mbali.

Mvua ilipoisha tulifunua. Mahindi yalikuwa makavu. Alikagua upande wa ndani wa turubai jipya kwa kiganja, mahali baada ya mahali.

"Hii yako pia si mbaya," alisema.

Jua lilipotoka tuliyahamishia mahindi kwenye turubai jipya, karai baada ya karai. Alilikung'uta tanga mwenyewe, akalikunja, akanikabidhi. "Nitakuja kuona hiyo boti," alisema. "Kama umenidanganya, narudi na kitu yangu."

Wiki iliyofuata nililipeleka tanga kwa fundi, kwa sababu macho mawili ya chuma ya kupitishia kamba yalikuwa yameng'oka. Alilitandaza sakafuni akajaribu kulinyoosha kwa viganja. Halikunyooka. Kila alipokandamiza hapa, liliinuka pale. Akachuchumaa akafuata mshono mmoja kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho.

"Nilidhani aliyeshona hii alikosea," alisema. "Kumbe tumbo ameiweka makusudi." Alishona yale macho kwa uzi maradufu, na alipomaliza hakutaka malipo. Nilimlipa hata hivyo, tukakubaliana nusu.

Mama wa Ndalu alikuja kweli. Alisimama ukingoni mwa bwawa, viatu mkononi, nami nikapandisha tanga huku makapi ya mahindi yakinidondokea kichwani. Upepo ulikuwa unatoka upande wa mlima. Nilikwenda nao hadi karibu na matete, nikavuta usukani nigeuke. Mara ya kwanza boti ilisimama katikati, pua imeelekea kwenye upepo, tanga linapigapiga kama lile la zamani. Nilijisikia mjinga mbele ya mgeni wangu. Nikaiacha irudi nyuma kidogo, nikavuta kamba tena, taratibu. Safari hii tanga lilinyamaza. Lilijaa, likafanya tumbo, na boti ikainama kidogo ubavu ikaanza kwenda, si kuelekea upepo moja kwa moja bali mshazari, kama mtu anayepanda kilima kwa kuzungukazunguka. Nikageuka upande huu, nikageuka upande ule. Kila nikigeuka, ukingo nilioanzia ulikuwa karibu zaidi. Nililia, nakubali, lakini nilikuwa nimekaa ubavu uliokuwa upande wa upepo, nikiupa mgongo ukingo alikosimama.

Pua ya boti ilipogusa nyasi, mama aliweka viatu chini.

"Imerudi," alisema.

"Imerudi. Njoo uingie."

"Mimi sijui kuogelea."

Nilimpa jaketi la pili nikamfunga kamba zake. Aliingia akikaza macho, akakaa katikati kabisa, akashika kingo zote mbili. Tulikwenda na kurudi mara mbili. Katika ya pili nilimpa kamba ya tanga aishike, nikamwonyesha kuvuta na kulegeza, naye akavuta mapema mno, boti ikainama, akalegeza mwenyewe kabla sijasema neno. Baada ya hapo alivuta na kulegeza mwenyewe. Alitazama juu kwenye tanga muda wote, mdomo umefumbwa kama mtu anayehesabu.

Tulipofika nchi kavu alivaa viatu, akatoa makapi kwenye leso yake, akaniuliza kama huwa ninakuja siku za katikati ya juma, kwa maana kila Jumatano analeta mboga sokoni Kitale na ikifika saa tisa huwa ameshauza zote.

Nilimwambia natoka kazini saa kumi.

"Basi nitangoja," alisema.