Mchimba Chuma wa Avariko

Matugeno alikuwa mchimba chuma wa vilima vyetu. Warumi walipouzingira mji wetu wa Avariko, wakuu wa mji walimwita, kwa kuwa alijua kupita chini ya ardhi. Alikwenda na mkewe, Litugena, wakapewa chumba karibu na ukuta.

Nje, Warumi walijenga tuta la udongo na magogo ili wapandie ukutani. Mvua haikukatika, nao hawakupumzika. Matugeno alichimba njia chini ya tuta hilo na kutoa udongo wake, libonyee. Wenzake walichimba kwingine. Yeye alikuwa peke yake.

Siku moja alisikia sauti kati ya magogo, ikisema lugha yetu. Msemaji alikuwa mtu wa Wahedui, majirani zetu waliokuwa upande wa Warumi, aliyeletwa kubeba mizigo.

"We fuko, ungali hai?"

"Nipo. Na wewe punda, mgongo haujavunjika?"

"Bado kidogo. Mnakula nini humo?"

"Nguruwe na bia," alisema Matugeno, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana.

"Muongo mkubwa. Sisi wenyewe nafaka imekwisha."

Wakacheka. Tangu hapo wakawa wanatupiana maneno kila siku. Litugena alipoambiwa, alinuna.

"Unacheka na mtu anayekuja kutuua?"

"Kule chini sina mwingine wa kusema naye."

"Na huku juu? Na mimi husemi."

Matugeno akachukua sururu, akarudi shimoni.

Siku ya ishirini na tano mvua ilimwagika kweli kweli. Sauti ikaja, safari hii kwa kunong'ona.

"Fuko, leo usitoke."

"Kuna nini?"

"Nimeshakwambia. Usitoke."

Matugeno akaelewa: leo Warumi wanauingia mji. Akatambaa mbio kurudi kumchukua mkewe, lakini udongo ulioloa ulikuwa umeporomoka na kuziba mdomo wa shimo. Alichimba mchana ule na usiku kucha. Alipotokea, mji ulikuwa kimya. Litugena alikuwa amelala pale pale juu ya kifusi, mkuki umemwingia mgongoni, kucha zake zimejaa udongo. Alikuwa akichimba kutoka upande wa pili.

Akawaponyoka Warumi, akarudi kwetu vilimani. Mimi, mdogo wake Litugena, ndiye niliyemwokea mkate kwa miaka kumi na mmoja.

"Shemeji, njoo ule na watoto," nilimwambia mara nyingi.

"Siku nyingine, shemeji." Akachukua mkate, akaenda zake.

Mwaka mmoja alitembea siku nne hadi soko la Wahedui. Alikaa kati ya wauza ng'ombe tangu asubuhi mpaka watu wakatawanyika, akisikiliza jinsi kila mmoja anavyoongea, asiisikie sauti ile ya magogoni.

"Ungempata, ungemfanya nini?" nilimuuliza aliporudi.

"Sijui. Labda ningemwambia jina langu."

Hakwenda tena. Alifariki wakati wa baridi, na kwa kuwa theluji ilifunga njia, tulijua siku ya tatu.